Barua Zisizopewa Namba

Wivu wa Baba Pacha ulianza siku aliyopewa nywila. Kabla ya hapo alikuwa mume kama waume wengine, mwenye manung'uniko ya kawaida kuhusu chai iliyopoa na rimoti isiyoonekana. Lakini meneja alipomkabidhi nywila ya kikasha cha barua pepe za wateja, akamwambia akiunganishe na mtambo mpya wa tiketi, unaoipa kila barua namba yake, Baba Pacha alifanya jambo ambalo fundi mwenye akili timamu halifanyi. Alianza kusoma.

Kampuni yao iliuza na kutengeneza majokofu: ya maduka, ya mabucha, ya zahanati, na vile vyumba vya baridi ambavyo mtu huingia amevaa koti. Friji ikigoma, mteja aliandika barua pepe, na barua zote ziliangukia kwenye kikasha kimoja, kilichohifadhiwa na kampuni nyingine huko mbali iliyolipwa kwa kazi hiyo. Aliyezijibu miaka yote alikuwa mtu mmoja tu, Mama Pacha, mke wa huyu huyu fundi. Alizijibu vizuri mno, na hapo ndipo balaa lilipojificha.

"Dada yangu mwema," aliandika mteja mmoja, muuza maua. "Asante kwa jana. Fundi alikuja, chumba kinapoa, mawaridi yangu yamefufuka. Mungu akuzidishie. Nawe umeamkaje?"

Na Mama Pacha alikuwa amemjibu: "Nimeamka salama, kaka. Nimefurahi maua yamepona. Lile la njano ulilolisema, ukipata nafasi nipigie picha nilione."

Picha ilikuja. Baba Pacha aliifungua, akaikuza, akalitazama lile ua la njano mpaka likamchosha macho. Kisha akarudi nyuma, barua baada ya barua, akitafuta. Hakukuta neno la mapenzi hata moja, na hilo lilimuudhi zaidi, kwa sababu angelikuta angejua la kufanya.

Baba Pacha alimjua muuza maua. Aliwahi kwenda sokoni kumfungia waya za kipimajoto. Alikuwa mwanamume wa rika lake, mrefu kumzidi kidogo, mwenye shati lililopigwa pasi mpaka kwenye mikono, na tabia ya kucheka kabla mtu hajamaliza kusema. Siku ile Baba Pacha alimwona mtu wa kawaida kabisa. Sasa alimkumbuka upya, na kila alivyomkumbuka yule mtu alizidi kurefuka.

*

"Hivi wateja wako huwa wanakuandikia nini?" aliuliza jioni hiyo, akijifanya anatazama daftari la mtoto.

Mama Pacha alikuwa anakatakata vitunguu. "Friji zao zimekufa. Wataniandikia nini kingine?"

"Wote?"

"Wengine friza."

Watoto wao pacha walicheka, ingawa hawakujua wanachekea nini. Baba yao hakucheka.

"Nauliza tu. Wengine si wanasalimia, wanaulizana hali?"

"Mtu akisalimia nimnunie? Mbona leo una maswali ya polisi, Baba Pacha?" Alifuta macho kwa kiwiko. "Badala ya kuniuliza wateja, niulize huo mtambo wenu. Toka mmeuleta sina raha."

Kwa kweli hakuwa na raha. Meneja alipoutangaza mtambo mkutanoni, kwamba kila barua itapewa namba na kugawiwa kwa mhudumu yeyote aliye huru, Mama Pacha alinyanyua mkono akasema mbele ya wote, "Bosi, watu siyo namba." Meneja alitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. Siku iliyofuata alimleta mhudumu wa pili, msichana aliyetoka chuoni, mwenye kucha ndefu za rangi ya zambarau, akampa meza ya mbele iliyokuwa ya Mama Pacha. Ofisi nzima ikamwita Binti Kucha. Meneja yeye alimwita "bingwa wetu", kwa sababu aliujua mtambo kabla haujawashwa.

"Bingwa!" alisema Mama Pacha, kisu kikigonga ubao. "Hata kubofya anabofya kwa ncha ya kidole kama anayeonja pilipili. Na mwisho wa mwezi ndiyo anachaguliwa msimamizi wa dawati. Mtambo utahesabu nani kajibu na kufunga tiketi nyingi. Nikipitwa na yule mtoto, basi mimi nimekwisha pale. Nitabaki wa kuchemsha chai."

"Hutapitwa."

"Kwa sababu?"

"Wateja wanakupenda," alisema mume, akalifunga daftari la mtoto kwa kishindo.

*

Kazi yenyewe ya kuunganisha haikuwa ngumu. Kila baada ya dakika chache mtambo ulichungulia kikasha, ukachukua kila barua mpya, ukaipa namba, ukamjibu mwandishi papo hapo kwamba tiketi yake imepokelewa, kisha ukaisukuma kwa mhudumu. Ulichungulia kikasha tu. Barua iliyowekwa kando kwenye folda nyingine kabla haujachungulia, kwake ilikuwa haijaandikwa.

Baba Pacha alilijua hilo vizuri. Mchana mmoja, wenzake walipokuwa wamekwenda kula, aliingia kwa nywila kwenye mtandao wa wale wenye kuhifadhi barua na kuweka kanuni moja ndogo: barua yoyote kutoka kwa muuza maua ihamishwe kando moja kwa moja. Folda hiyo akaiita "Majaribio", jina ambalo hakuna mtu ofisini angetaka kulifungua. Si kwamba alitaka kumuumiza mtu, alijiambia. Alitaka tu mazungumzo yale yapoe. Yule bwana akiharibikiwa atapiga simu, kama watu wengine wenye adabu.

Ilibaki kuandika anwani. Vidole vilifika kwenye jina la yule mtu vikagoma. Kuliandika jina lile yeye mwenyewe, herufi moja moja, aliona ni kama kumfungulia mlango na kumvutia kiti sebuleni. Wivu ni mjinga namna hiyo. Akaliruka jina, akaandika mkia wa anwani tu, kile kinachofuata baada ya alama ya @, akaona inatosha.

Ilitosha na kuzidi. Mkia ule haukuwa wa muuza maua peke yake. Ulikuwa wa umoja wa wafanyabiashara wa soko, uliowapa wanachama wake wote anwani zinazofanana mwisho: wa maua, wa maziwa, wa samaki, wenye mabucha. Angesoma barua nyingine mbili tatu mle kikashani angeliona. Lakini alikuwa amesoma za mtu mmoja tu.

*

Mtambo ulianza kazi kwa kishindo cha furaha. Runinga ilitundikwa ukutani ikionyesha tiketi zinavyoingia na kufungwa, na meneja alikuwa akipita mbele yake mikono mgongoni.

"Mnaona? Malalamiko yamepungua. Mtambo wenyewe tu umetuletea nidhamu."

Binti Kucha alipiga makofi. Mama Pacha aliitazama runinga kwa jicho la mtu aliyeletewa mke mwenza.

Aliona upungufu huo mapema kuliko wote, kwa sababu alijua nani huandika siku gani. Watu wa soko walikuwa kimya. Mwenye bucha, ambaye hakuwahi kumaliza wiki bila kulalamika, kimya. Muuza maua naye kimya, bila salamu wala picha. Moyoni mwake akapata jibu moja tu, nalo lilimchoma: wameshahamia kwa bingwa.

"Mdogo wangu," alimwambia Binti Kucha, "yule kaka wa maua amekuandikia wewe siku hizi?"

"Wa maua? Hapana, dada. Simjui."

"Kama amekuandikia niambie tu. Sina neno."

"Haki ya Mungu dada, simjui."

Mama Pacha hakumwamini. Siku hizo alirudi nyumbani amenuna, akawa anasimama dirishani na sufuria mkononi, amesahau alikuwa anakwenda kulifanya nini. Mumewe alimtazama kutoka kwenye kochi. Mke anamwaza mtu, alijiambia. Alikuwa amemwondoa yule bwana kwenye barua, na sasa bwana amehamia jikoni kwake.

Kwa hiyo kila mapumziko alijifungia chooni na simu, akafungua "Majaribio", akasoma. Barua za muuza maua zilikuwa zikibadilika sura. Kwanza alisalimia, kisha akauliza kama zimefika. Kisha: "Dada yangu, umelala vizuri? Nimekuandikia mara nyingi hujibu. Kama nimekukosea nisamehe." Hiyo Baba Pacha aliirudia, na kila alipoirudia alipata utamu fulani ambao angeona aibu kumweleza mtu.

Katikati ya utamu huo ndipo alipoziona nyingine. Mama Maziwa, mwenye duka la maziwa sokoni: friji kubwa inapiga kelele. Mama Maziwa tena: haipoi vizuri. Mwenye bucha. Wa samaki. Alijua papo hapo alichokosea, na alijua pia hakuna njia ya kukirudisha kimya kimya. Akiifuta kanuni na kurudisha barua, mtambo ungezimeza kwa mkupuo mmoja, kila mwandishi akapata jibu siku hiyo hiyo kwa barua aliyoiandika zamani, na runinga ingezitangaza ukutani na tarehe zake. Meneja angeuliza zilikuwa wapi. Na ndani yake zimo za muuza maua.

Nitatafuta njia kesho, alisema. Kesho yake alisema hivyo hivyo. Mama Maziwa akaandika tena.

*

Mama Maziwa alipochoka kuandika, alikuja. Aliingia na kanga iliyolowa maziwa, simu mkononi, akampita mlinzi bila kumtazama.

"Nani anaitwa Mama Pacha?"

"Ni mimi, mama. Karibu kiti."

"Sikuja kukaa. Maziwa yangu yote yameganda, yananuka mpaka majirani wanafunga madirisha. Wateja wangu nimewaambia nini? Nimewaambia kampuni ina dada mzuri, atajibu. Unajibu nini wewe? Unalipwa ukae upake mafuta?"

"Mama, sijapata barua yako."

"Hukupata?" Alimsogezea simu mpaka puani. "Hii nini? Na hii? Na hii nayo? Kumbe unajua kusoma kwa wanaume wanaokuletea maua tu! Soko zima tunajua huwa unamjibu yule bwana kabla hajamaliza kuandika."

Binti Kucha alijishughulisha na kucha zake. Baba Pacha alikuwa kwenye ngazi, anafunga waya juu ya dari, na hakushuka. Mama Pacha alijaribu kutafuta jina la Mama Maziwa kwenye mtambo, na mtambo ukamwambia mbele ya mteja kwamba mtu huyo hajawahi kuandika. Hapo machozi yalimshinda. Akaomba radhi, akaenda chooni, akafungua bomba ili asisikike.

Meneja alimwahidi Mama Maziwa friji nyingine siku hiyo hiyo, akamsindikiza mpaka mlangoni. Kisha akapiga simu kwa wale wenye kuhifadhi barua, na alipomaliza akamwita Baba Pacha ofisini kwake, akafunga mlango.

"Fundi, hawa watu wanasema barua zilifika zote. Kuna mtu ameweka kanuni inayozitoa kando. Na imewekwa kwa pasiwedi yetu ya ndani."

"Ndiyo, bosi."

"Ukiniondoa mimi, pasiwedi hiyo wanayo watu wawili, wewe uliyeunganisha, na mkeo aliyekuwa anakitumia kikasha tangu zamani." Meneja alikuwa akizungushazungusha kalamu. "Ni wewe?"

"Siyo mimi, bosi."

"Nami nilijua siyo wewe. Utaharibu kazi yako mwenyewe kwa faida gani? Lakini mkeo ana sababu. Alisimama mkutanoni akaupinga mtambo. Nimempa binti meza yake, kanuna. Sasa anaficha barua ili mtambo uonekane mbovu. Nikuulize kama mwanamume mwenzangu, ni mkeo?"

Baba Pacha aliangalia zulia. Hapo hapo angeweza kulimaliza lile jambo kwa neno moja, na neno lenyewe alikuwa nalo.

"Siwezi kumsemea, bosi," alisema.

Meneja alitikisa kichwa taratibu, kwa huruma. "Naelewa, ni mkeo. Kesho asubuhi nitaitisha kikao. Asipojieleza, nitamwachisha kazi. Sipendi, lakini nitamwachisha."

*

Jioni watoto walipewa chakula mapema, wakaambiwa wakacheze barazani. Mama Pacha alikaa kwenye kigoda amejishika tama.

"Nimeambiwa kesho nijieleze. Nieleze nini, Baba Pacha? Kitu sijakifanya nitakielezaje?"

"Usiwe na wasiwasi."

"Nisiwe na wasiwasi wakati nafukuzwa? Ni yule binti. Namwambia Mungu ni yule binti. Alitaka kiti changu, kakipata, sasa anataka na mshahara wangu. Amechungulia pasiwedi siku moja begani kwangu, hizo kucha zake zote ni za kuchimba watu kaburi." Alimtazama mumewe. "Wewe fundi. Huwezi kuangalia ukaona ni nani?"

"Mambo ya mtambo hayaendi hivyo."

"Basi angalau kesho usimame useme unanijua. Useme mke wangu hawezi kufanya hivi."

Mume alinyanyuka, akaenda dirishani, akarudi. Hatia ilikuwa imemjaa mpaka shingoni, na badala ya kuitapika akatafuta mtu wa kuibeba. Kumpata hakukumchukua muda.

"Kwani na wewe hukujitakia? Umesikia yule mama alivyosema mbele ya watu? Soko zima wanajua habari zako na muuza maua. Mimi naonekanaje?"

"Habari zipi?"

"Za kutumiana picha."

"Za ua? Baba Pacha, picha ya ua?"

"Ua, ndiyo! Mtu anakuita dada yangu mwema, anakuombea Mungu, anakuuliza kama umelala vizuri, anakuomba msamaha kama mpenzi aliyegombana na mwenzake, halafu unaniambia habari zipi!"

Mama Pacha alifungua mdomo ili amjibu kwa ukali unaostahili, kisha akaufunga. Akamtazama. Nje watoto walikuwa wanagombania mpira.

"Lini aliniuliza kama nimelala vizuri?" aliuliza taratibu.

"Katika hizo barua zenu."

"Huwa ananiuliza nimeamkaje. Kulala vizuri hajaniuliza kamwe. Na msamaha hajawahi kuniomba, hakuwa na kosa." Alisimama. "Barua hiyo mimi sijaiona, Baba Pacha. Wewe umeionea wapi?"

Macho yalimtoka pima kama mwizi aliyemulikwa tochi, na jibu lilikuwa hapo hapo usoni.

"Leta simu."

Alimpa. Mama Pacha alisoma amesimama, kuanzia ya juu mpaka ya mwisho: za maua, za maziwa, za samaki, za nyama. Za Mama Maziwa alizisoma mara mbili. Za muuza maua alizisoma haraka, akazipita.

"Nilifurahia barua zake," alisema, bado anaangalia simu. "Sitakudanganya. Mtu ananiandikia asante, nafurahi. Hapa nyumbani nimepika miaka, nimefua miaka, nakumbuka asante yako moja, ya siku niliyojifungua. Nikienda kazini naikuta asante imenisubiri. Hilo ndilo kosa langu, na hilo tu."

"Mama Pacha, nilikuwa na wivu. Wivu ulinitia upofu."

"Kesho utasema."

"Watanifukuza."

"Na mimi je?"

"Tunaweza kusema ni kosa la wale wenye kuhifadhi barua..."

"Kesho utasema," alirudia Mama Pacha, "na utasema na sababu. Mimi nimevuliwa nguo mbele ya ofisi nzima kwa ajili ya sababu yako. Itaje."

*

Kikao kilifanyika chini ya runinga. Walikuwa watu wachache tu, wahudumu, mafundi wa friji na mtunza stoo, lakini kwa Baba Pacha walionekana uwanja mzima. Meneja hakuwahi hata kumaliza utangulizi.

"Bosi, ni mimi," alisema Baba Pacha.

"Wewe nini?"

"Niliyeweka ile kanuni. Mke wangu hajui chochote. Nilikusudia kuzuia barua za mtu mmoja, nikakosea anwani, nikazuia za soko zima."

"Mtu mmoja nani? Kwa nini?"

Baba Pacha alimtazama mkewe, na mkewe hakumsaidia.

"Muuza maua. Nilimwonea wivu."

Fundi mmoja alicheka kwa kupasuka, akajifanya anakohoa. Binti Kucha alijiziba mdomo kwa zile kucha zake zote. Mama Pacha alikuwa amesimama wima, na kwa muda mfupi uso wake ulilegea. Aliyatazama mabega ya mumewe yaliyoshuka, akamwonea huruma. Pengine siku ile ingeishia hapo, kwa kicheko na adhabu.

Lakini meneja alikuwa ameshika kiuno, amekasirika kwa dhati. "Subiri kwanza. Jana nimekuita ofisini. Nimekuuliza ni wewe, ukasema siyo wewe."

"Niliogopa, bosi."

"Sawa, uliogopa. Nikakuuliza basi ni mkeo? Hukusema hapana. Ulisema, 'Siwezi kumsemea.' Mimi nikalala nikijua mume mwenyewe ameshindwa kumtetea, basi mwanamke ana hatia. Leo nilikuwa na barua yake ya kufukuzwa mfukoni!"

Hakuna aliyecheka. Mama Pacha aligeuka akamtazama mumewe, na ile huruma ilikuwa imeondoka usoni. Alirudi mezani kwake akakaa.

Meneja alitoa amri palepale. Baba Pacha atoke kwenye mitambo, aende stoo kupokea friji mbovu mpaka itakapoamuliwa vingine, na kabla ya kwenda aifute ile kanuni mbele ya watu wote. Akaifuta. Akazirudisha barua kikashani. Baada ya dakika chache mtambo ukachungulia, na runinga ikaanza kujaa. Maziwa, namba. Samaki, namba. Bucha, namba. Kisha ikatokea kwa herufi kubwa, kila mtu akaisoma: "Dada yangu, umelala vizuri?" Nayo ikapewa namba.

Uso wa Mama Pacha ulikuwa unawaka moto. Binti Kucha aliivuta tiketi ile haraka ili itoke ukutani, kisha akainama kwenye meza ya Mama Pacha.

"Dada, hii ya maua nimeigusa kimakosa. Nikurudishie?"

"Baki nayo, mdogo wangu. Mwambie tulipata hitilafu, na chumba chake kitaangaliwa." Akageuza kiti kumtazama. "Na unisamehe."

"Kwa nini, dada?"

"Nisamehe tu."

Akaanza na Mama Maziwa. Aliandika mpaka jioni bila kuinua kichwa.

*

Waliondoka pamoja kwa sababu watoto walikuwa wa wote wawili na ilikuwa lazima mtu aende kuwachukua kwa jirani. Baba Pacha alinuka gesi ya friji na kutu. Alitembea hatua moja nyuma ya mkewe.

"Sijafukuzwa," alisema. "Hilo tushukuru."

"Tushukuru."

"Na wewe kazi yako ipo. Meneja anasema usimamizi wa dawati bado hajaamua."

"Nimesikia."

"Mama Pacha, nitukane basi. Nipige hata kofi, nitalipokea."

"Barua nimekusamehe. Wivu nao nimekusamehe. Mimi mwenyewe nimemchukia mtoto wa watu kwa kucha zake tu, nitakuhukumu wewe?"

"Basi yamekwisha."

"Hayajaisha." Alisimama, akamgeukia. Hakuwa na hasira, na hilo lilimtisha mumewe. "Tangu tuoane sijakuomba unisemee. Kwa mama yako nilijisemea. Kwa mwenye nyumba nilijisemea. Watoto walipoonewa shuleni nilikwenda mimi. Jana mtu mmoja alikuuliza swali moja, ni mkeo? Ulitakiwa kusema hapana, basi. Dunia nzima walikuwa wanadhani tu. Wewe peke yako ndiye uliyekuwa na uhakika."

Baba Pacha alitafuta maneno. Aliyapata mengi, ya kuogopa, ya kupitiwa, ya shetani, na yote akayaona hayafai hata kabla hayajafika mdomoni.

Walifika kwa jirani. Pacha walitoka mbio, mmoja na kiatu kimefunguka. Jirani alikuwa mlangoni anajifuta mikono kwa upande wa kanga.

"Haya, karibuni. Habari za kazini?"

Siku zote aliyejibu salamu hizo kwa niaba ya wote wawili alikuwa Mama Pacha. Sasa aliinama kufunga kamba za kiatu cha mtoto, akazifunga taratibu, mafundo mawili, na hakuinua kichwa. Jirani akamgeukia mume, akingoja.

"Salama," alisema Baba Pacha.

Jirani akamtakia jioni njema.